Saizi ya picha na fremu za ukutani, kwa sisi tunaokaa Dodoma

Watu wengi wanaanza na fremu. Mtu anapita sokoni Majengo anaona fremu ya dhahabu ina maua kwenye kona, anaipenda, ananunua, anafika nayo nyumbani ndo anaanza kutafuta picha ya kuweka humo, na picha ikigoma kuingia anachukua mkasi. Matokeo yake ndo zile picha za harusi ambazo bwana na bibi wapo wazima ila matroni kabaki sikio na hereni. Mi nasema hivi, fremu ni ya mwisho kabisa. Unaanza na ukuta, unakuja kwenye picha yenyewe ina umbo gani na ubora gani, unapata saizi, alafu ndo unaenda kuongea mambo ya mbao na vioo na fundi.

Ukuta kwanza

Chukua tepu upime. Usikadirie kwa macho, ukuta mtupu unadanganya sana, picha uliyoiona kubwa kule studio ukiipandisha sebuleni juu ya makochi inaonekana kama stempu. Kama inakaa juu ya kochi, chukua upana wa kochi, theluthi mbili yake ndo upana wa picha au kundi la picha. Kochi la watu watatu la mita 2 linataka kitu cha sentimita 130 hivi kwa upana, na hapo huhitaji lazima picha moja kubwa ya kutisha, unaweza kupanga tatu za inchi 12 kwa 18 zimesimama wima, kila moja na fremu yake inafika kama sentimita 38, ukiacha nafasi ya sentimita 6 katikati yao unapata 126 na ukuta unapendeza kuliko picha moja ya bei mbaya.

Kama huna uhakika, kata magazeti kwa saizi unayoifikiria, ukiunganisha mawili matatu kama ni kubwa, yabandike ukutani na masking tepu na uyaache siku mbili hivi. Kila ukipita unayaona. Utajua mwenyewe kama ni kubwa au ndogo kabla hujatoa hela ya mtu.

Urefu kutoka sakafuni: katikati ya picha iwe kama sentimita 150, yaani usawa wa macho ya mtu aliyesimama. Huku kwetu tuna ugonjwa wa kutundika picha karibu na gypsum, mgeni anaangalia picha yako kama anatafuta mjusi. Juu ya kochi acha sentimita 15 mpaka 20 kati ya mgongo wa kochi na fremu, inatosha, na kichwa cha mgeni hakigongi. Ofisini ni habari nyingine kidogo, picha ya Rais na ya Baba wa Taifa zina nafasi yake pale juu, hizo za kwako za machweo na mibuyu zitafutie ukuta mwingine.

Umbo la picha, hapa ndo watu wanakatwa vichwa

Picha ya simu kwa kawaida ni 4 kwa 3, yaani uwiano wa upande mrefu na mfupi. Kamera nyingi za wapigapicha, zile za lensi za kubadilisha, ni 3 kwa 2, ndefu zaidi kidogo. Karatasi za A4, A3, A2 zina umbo lake lingine lililokaa katikati ya hizo mbili. Na inchi 8 kwa 10 ambayo studio nyingi wanaipenda ni fupi, inakaribia mraba. Sasa umbo la picha lisipofanana na umbo la karatasi kuna mawili tu, ama utakatwa pembeni ama utabaki na mistari myeupe. Hakuna la tatu, labda waivute picha kwa nguvu na wewe utoke mnene.

Chukua picha ya mahafali pale UDOM, mmejipanga kumi na wawili mstari mmoja, bega kwa bega, mmejaza fremu yote kutoka pembeni mpaka pembeni, imepigwa na kamera ya 3 kwa 2. Ukiiprinti 8 kwa 12 wote mmo. Ukiiprinti 8 kwa 10 umepoteza inchi mbili kwenye kumi na mbili, hiyo ni sehemu moja ya sita, na sehemu moja ya sita ya watu kumi na wawili ni watu wawili. Wa pembeni kule kushoto na wa pembeni kule kulia, kwaheri, na mmoja wao ndo aliyelipia joho lako.

Kwahiyo picha ya kamera ipeleke kwenye 4 kwa 6, 8 kwa 12, 12 kwa 18, 16 kwa 24, 20 kwa 30 au 24 kwa 36, hizo zote ni inchi na zote umbo moja. Picha ya simu ipeleke 6 kwa 8, 9 kwa 12, 12 kwa 16 au 18 kwa 24. Studio wakisema hizo hawana, omba A3 au A4, manake umbo la A ukitoka kwenye 4 kwa 3 au ukitoka kwenye 3 kwa 2 unapoteza kama asilimia 6 tu, hata hutaona, labda kama kuna mtu amesimama ukingoni kabisa. Ndo maana mi nazipenda A kwa picha za mchanganyiko, hata stesheneri za kawaida mjini wanazijua.

Ila kuna mtego. A4 ni inchi 8.3 kwa 11.7, haiingii kwenye fremu ya 8 kwa 12, inagoma upana kwa uchache tu mpaka inakera. Na A3 ni 11.7 kwa 16.5, ukiiweka kwenye fremu ya 12 kwa 18 inaogelea humo ndani na pembeni unaona hadibodi. Fundi wa fremu anaongea inchi, mtu wa printa anaongea A, wewe uko katikati unaitikia tu "sawa sawa", mwisho wa siku vitu viwili haviingiliani. Andika kwenye karatasi kwa sentimita: A4 ni 21 kwa 29.7, A3 ni 29.7 kwa 42, A2 ni 42 kwa 59.4, A1 ni 59.4 kwa 84.1. Inchi moja ni sentimita 2.54. Maliza.

Faili lina uwezo wa kufika wapi

Hesabu yake ni ndogo. Chukua idadi ya pikseli, vile vidoti vinavyounda picha, za upande mrefu ugawanye kwa 300, unapata inchi ambazo picha itatoka safi hata mtu akiisogelea puani. Gawanya kwa 150, unapata inchi ambazo itatoka vizuri kwa mtu anayeangalia akiwa amekaa kochi la pili. Picha ya simu ya megapikseli 12 ina kama 4000 kwa 3000, maana yake inafika inchi 13 ikiwa safi kabisa na inchi 26 ikiwa ya kuangaliwa kwa mbali. Simu ikiandikwa 50 au 108 usipagawe, nyingi zikiwa kwenye seti ya kawaida zinakupa picha ya 12 hivihivi, lazima uingie kwenye kamera uwashe ile saizi kubwa, na iwe mchana kwenye mwanga wa kutosha.

Adui mkubwa ni WhatsApp. Mtu kapiga picha nzuri kwenye send-off, imepita kwenye grupu la kamati, ikafowadiwa na shangazi, ikarudi, sasa anakuletea hiyo anataka A1. Ikitumwa kama picha ya kawaida mara nyingi inabaki pikseli 1600 hivi upande mrefu, igawanye kwa 150 unapata inchi 10 na kidogo. A1 ni inchi 33. Hapo utapata mabaka tu, nyuso kama zimepakwa uji. Mwambie aliyepiga akutumie kama dokumenti, au kwa email, au mpe flashi aweke faili la kwenye kamera yenyewe. Skrinshoti ya Instagram wala usiilete, tutagombana.

Picha za wazee ndo kesi ngumu na ndo nyingi. Mama mmoja kaja, kafungua pochi, kwenye leso kuna paspoti saizi ya mzee wake marehemu, nyeusi na nyeupe, muhuri umekula bega. Shikamoo mama, marahaba mwanangu, hii nataka ijae ukuta wa sebuleni. Paspoti ni milimita 35 kwa 45, ukiiskani kwa dpi 1200, yaani vidoti 1200 kwa kila inchi, inatoa kama pikseli 1650 kwa 2120, ukiprinti kwa 200 unapata 8 kwa 10, na hapo ndo mwisho wake mzuri. Ukienda mbele zaidi huongezi sura ya mzee, unaongeza chembechembe za karatasi. Lakini ukuta unataka kitu kikubwa, na mama ana haki ya kukitaka. Kinachofanyika unaprinti hiyo 8 kwa 10, unaizungushia mauntí pana nyeupe, yaani ile kadibodi iliyotobolewa dirisha katikati, unaiweka kwenye fremu ya 16 kwa 20. Ukutani ni kitu kikubwa chenye heshima zake, macho yanaenda katikati kwa mzee, na sura haijaharibika. Mama aliuliza kama muhuri unaweza kutolewa, unatolewa ndio, ila mi nilimwambia auache manake mkono uliogonga ule muhuri ulikuwa wa ofisi aliyofanyia kazi mzee, akafikiri, akasema haya uache.

Paspoti kama hizo usizipige kwa simu ukiwa umeegemea dirishani, tafuta skana. Kama skana hakuna kabisa ilaze mezani kwenye kivuli, simama juu yake, zima flashi, simu iwe sambamba na meza.

Mauntí na kazi yake

Wengi wanaona ni urembo. Ni urembo ndio ila kazi yake kubwa ni kuitenga picha na kioo. Picha ikigusana na kioo, msimu wa mvua ukiingia Desemba unyevu unaingia humo, picha inanata, na siku ukitaka kuitoa inabaki nusu kwenye kioo. Kama hutaki mauntí mwambie fundi aweke vijiti vyembamba ndani ya fremu vya kuacha uwazi kidogo.

Upana wa mauntí kwa A4 na A3 ni sentimita 5 mpaka 7, nyembamba kuliko hapo inaonekana kama umebania. Chini ongeza sentimita moja hivi kuliko juu, vinginevyo picha inaonekana kama inateleza. Dirisha lake liwe dogo kuliko picha kwa milimita 3 mpaka 5 kila upande ili lishike. Na usikubali akukatie boksi la kawaida au manila ya shule, zile zina asidi, baada ya miaka zinageuka njano na zinaichoma picha kwenye kingo, ulizia isiyo na asidi. Ujanja wa bei nafuu: nunua fremu ya A3 iliyo tayari, weka picha ya A4 na mauntí, unapata kingo za sentimita 4 na kitu huku na 6 kule, hazilingani lakini macho yanakubali.

Fremu yenyewe, kwa hali ya hewa ya huku

Dodoma ina mambo matatu ya kuua picha, jua, vumbi na mchwa, na la nne ambalo watu hawalifikirii ni ukavu. Mbao ambayo haijakauka sawasawa, hasa iliyokaa kwenye unyevu wa pwani, ikija huku ikapigwa na ule upepo mkavu wa mwezi wa saba inanywea, kona zinaachana unaona mwanga katikati. Ukifika kwa fundi shika fremu kwa kona mbili za mshazari uisokote kidogo, ikilia acha. Angalia pembe zile zilizokatwa nyuzi 45, zisiwe zimejazwa gundi na vumbi la randa kuficha pengo.

Mninga ni mzuri, mzito, rangi yake ya kahawia inaenda na karibu kila picha yenye rangi za joto, na mchwa hausumbui sana kama paini. Paini ni rahisi na inapakwa rangi yoyote, ila ulizia kama imetiwa dawa. MDF yenye karatasi ya urembo juu inapendeza siku ya kwanza, ikipata maji inavimba. Alminiamu haina maneno, nyembamba, nyeusi au fedha, mafundi wa madirisha wengine wanakutengenezea ukiwaeleza vizuri, na kwa picha za kisasa au ofisi mi naichukua hiyo bila kufikiri. Zile za plastiki za rangi ya dhahabu sisemi kitu, nyumba ni yako.

Nyuma ifungwe. Hadibodi peke yake haitoshi, lazima pembeni izungushiwe gamtepu ya karatasi mwanzo mwisho, vumbi la Nkuhungu au Ipagala halibishi hodi, linapita kwenye tundu ambalo hata sisimizi hapiti, mwezi mmoja tu unaona vidoti ndani ya kioo na huwezi kuvifuta mpaka ufungue. Kona mbili za chini nyuma bandika vipande vya mpira ili fremu isilale kabisa ukutani, hewa ipite na mchwa ukipanda ukutani uione njia yake.

Kioo cha milimita 2 kinatosha mpaka A3. Juu ya hapo fundi atataka milimita 3, na hapo pigia hesabu ya uzito, kioo cha milimita 3 cha saizi ya A1 peke yake ni karibu kilo 4, bado mbao. Akriliki, ile plastiki ngumu inayopitisha mwanga kama kioo, ni kama nusu ya uzito huo na haivunjiki kirahisi, safi kwa chumba cha watoto, ila inakwaruzika na inavuta vumbi kama sumaku. Kuhusu jua, kioo cha kawaida hakizuii vya kutosha ile miale inayofifisha rangi, kwahiyo picha isikae mkabala na dirisha la magharibi linaloingiza jua la saa kumi. Hasa picha za printa ya wino wa kawaida, zile zinakimbia rangi mapema, nyekundu inaanza. Na ukuta wenye dirisha mbele yake, kama picha haiwekwi kioo, chukua karatasi ya mati isiyong'aa, glosi itakuonyesha dirisha lako na pazia lako, picha huioni.

Michoro si kama picha

Michoro ya Tingatinga haihitaji kioo. Edward Saidi Tingatinga alipoanza Dar mwaka 1968 alikuwa anapaka kwenye hadibodi za mraba kwa rangi za mafuta zinazong'aa, na hata leo rangi hizo zinajilinda zenyewe, unazifuta kwa kitambaa kikavu. Ukiweka kioo juu ya rangi inayong'aa unapata kioo juu ya kioo. Fremu yake iwe nyembamba nyeusi basi, mchoro wenyewe una kelele za kutosha, chui na ndege na twiga humo humo, ukiongeza fremu ya maua ni vurugu.

Kama umenunua turubai limekunjwa kwenye bomba, inabidi liwambwe kwenye mbao kwanza. Liwambwe kweli, ukiligonga kwa kidole lilie kama ngoma ya muheme, likiwa linacheza litafanya mawimbi. Fundi anahitaji sentimita 4 au 5 za turubai tupu kila upande za kukunjia nyuma, na wachoraji wengine hawaachi, hapo ama mchoro ukunjwe ubavuni ama ubandikwe juu ya ubao. Angalia sahihi ya mchoraji iko wapi kabla hujakubali lolote, manake ule mdomo wa ndani wa fremu unafunika kama nusu sentimita kila upande na sahihi nyingi zinakaa huko huko chini kulia.

Kuna wanaopenda picha za michoro ya miambani ya Kondoa, ile ya Kolo iliyoingia Urithi wa Dunia wa UNESCO mwaka 2006. Ni chaguo zuri sana kwa nyumba ya Dodoma na nashangaa hatuioni zaidi kwenye mahoteli yetu. Wale watu waliochorwa ni warefu wembamba, kwahiyo kata picha ikae wima, mauntí iwe ya rangi ya maziwa badala ya nyeupe kali, na mninga, ule wekundu wa mwamba unakaa vizuri. Mchoro wa msanii aliye hai usiuskani ukaanza kuuprinti na kuuza, hiyo ni hakimiliki na COSOTA, wasimamizi wake, wapo.

Kutundika

Nyumba zetu nyingi ni tofali za saruji, msumari wa kawaida unapinda na unabomoa plasta. Fremu ndogo mpaka A3 msumari wa zege mmoja unatosha, kabla hujapiga bandika kipande cha masking tepu hapo ili skimu, ile plasta laini ya juu, isibanduke. Kubwa kuliko hapo toboa kwa drili, weka plagi na skrubu, na ziwe mbili zimeachana, usitegemee moja ya katikati. Mbili zinafanya fremu isipinde kila mlango ukibamizwa, na pia huku kwetu ardhi inatikisika mojamoja, usitake kioo cha kilo 4 kiwe juu ya kichwa cha mtu kwa skrubu moja. Nyuma tumia waya, kamba ya katani inalegea. Mpangaji ambaye mwenye nyumba hataki tundu hata moja, egemeza fremu juu ya kabati au meza ya TV, A2 ikiegemezwa inapendeza tu, weka kitu cha kuizuia isiteleze kwa mbele.

Na siku ya kufuta usipulizie maji ya kioo moja kwa moja kwenye fremu, yanashuka yanaingia chini ya ukingo yanafika kwenye mauntí, pulizia kwenye kitambaa kwanza.